Lipu ya Heshima

Kwetu kijijini Huayllapata, mtu akitaka kukudharau bila kukutukana, anakuuliza nyumba yako imejengwa kwa nini. Ukijibu kwa udongo, anaguna tu na kubadilisha mazungumzo. Matofali ya kuchoma na simenti tunaviita vifaa vya kiungwana. Udongo hauna jina la heshima, ingawa ndio uliotulea sote na wazazi wetu. Upuuzi mtupu, lakini ndio ulioanzisha haya yote.

Hermelinda Ttito alizaliwa katika nyumba ya udongo, mtoto pekee wa Nazario, mkulima wa viazi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na Nazario hakuoa tena. Alimlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka mwalimu akawa anamfumua na kumsuka upya kabla ya kengele. Binti akasoma, akawa mchora ramani katika ofisi moja mjini Cusco. Umri ulipopita thelathini, wenzake wakiwa wameshaolewa na kuzaa, yeye akatangaza kwamba anarudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya kuhifadhi majengo ya kale. Shangazi yake Benita alimuuliza kama huko watamfundisha pia kuhifadhi ujana wake. Hermelinda akacheka, maana ulimi wa Benita aliuzoea.

Nazario hakuona cha kuchekesha. Kwake yeye, mwanawe alikuwa amekwenda kuwa daktari wa nyumba, na hivyo ndivyo alivyomtangaza sokoni, kwa waliouliza na wasiouliza.

Masomo yalimkaa binti. Walipelekwa kwenye makanisa madogo ya milimani, wakafundishwa kugonga kuta kwa kidole na kusikiliza. Alijifunza kwamba ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa wenyewe, mradi uachwe uheme. Ukiupiga lipu ya simenti, umeuziba pua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, udongo unalainika ndani kimyakimya, na huku nje panang'aa. Profesa Arancibia, aliyekuwa msimamizi wake, alizoea kusema kwamba makanisa yale hayajapata adui mkubwa kuliko mtu mwenye mfuko wa simenti na nia njema. Hermelinda akaamua tasnifu yake iwe juu ya jambo hilohilo.

Sasa mwone Nazario. Mwaka uleule, binti akiwa mjini anaandika, yeye aliuza fahali wake wa kulimia akanunua simenti. Daktari wa nyumba, alisema, hawezi kupokea wageni mbele ya tope. Akaupiga lipu ukuta wote wa mbele, akaupaka rangi ya samawati, kisha akaita watu. Kwetu nyumba ikishatengenezwa hupandishwa msalaba juu ya paa, pamoja na fahali wawili wadogo wa udongo wa kuchoma, na msimamizi wa paa humwaga pombe ya mahindi na kuwaombea wenyeji. Msimamizi alikuwa Fortunato, rafiki wa Nazario tangu wakiwa wachunga kondoo. Hermelinda aliambiwa aje tu, asiulize ni kwa nini.

Aliiona nyumba kutoka barabarani, aliposhuka kwenye basi, na moyo ukamshuka naye. Uani watu walikuwa wamejaa, simbilisi wa kufugwa wameshaokwa, bendi ya mtaani inajaribu tarumbeta. Nazario akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya ukuta. Tarumbeta zikanyamaza.

"Unaonaje, mwanangu? Sema wewe uliyesoma."

Watu wote wakamtazama mdomoni.

"Umependeza, baba," Hermelinda akasema. "Umependeza sana."

Nazario akafuta macho kwa ncha ya poncho, joho lake la sufu. Jamani, nani angekuwa na roho ya kumwambia ukweli mzee yule, mbele ya watu wale, siku ile? Mimi kwa siku ile simlaumu hata kidogo. Namlaumu kwa siku zilizofuata, na hata hapo namlaumu kwa sauti ya chini, maana nami nina wazazi.

Alijiahidi kwamba atamwambia wakiwa wawili. Akaja wakati wa kuvuna viazi, akamkuta baba ameweka benchi mbele ya ukuta, ameketi pale kama chifu, anaamkia kila apitaye. Akasema moyoni, siyo leo. Akaja tena mvua za kwanza zilipoanza. Rangi ilikuwa imeanza kubabuka chini, na doa la unyevu limepanda mpaka usawa wa goti. Akaugonga kwa kidole, ukajibu kama mtungi mtupu.

"Unabisha hodi ukutani," Nazario akamtania, "mlango huuoni?"

Akacheka naye. Kisha akatoa simu akaanza kupiga picha pale palipobabuka. Alihitaji mfano wa nyumba ya kuishi watu, wa kuweka kando ya makanisa yake, na huo ulikuwa mfano mzuri kuliko yote aliyoiona. Alijiambia kwamba jina halitatajwa na hakuna atakayejua. Mzee alidhani mwanawe anaupiga picha ukuta ili akauringie mjini. Akasogeza benchi, asije akauziba.

Siku ya kutetea tasnifu ilipokaribia, Hermelinda alimwambia baba asijisumbue kuja, ni maneno ya kitaalamu matupu, atasinzia. Nani angemzuia Nazario? Alipanda basi la alfajiri na Benita, amevaa kofia yake ya sikukuu, amebeba simbilisi wa kuoka katika kitambaa. Walipofika chuoni mambo yalikuwa yameshaanza. Wakaingia kwa kunyata, wakaketi nyuma kabisa.

Hermelinda alikuwa amegeukia picha ukutani, hakuwaona. Akapita makanisa yote, kisha ikatokea nyumba ya samawati, kubwa, kila ufa unaonekana. Akaeleza vizuri sana: jinsi lipu ilivyoziba, jinsi unyevu ulivyopanda, jinsi ukuta huu sasa ulivyokuwa ganda tu lililoshikilia uji. Arancibia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na alitaka kuchangamsha watu.

"Mwenye nyumba huyu," akasema, "ameivalisha suti ya kuzikiwa."

Watu wakacheka. Hermelinda naye akacheka, kicheko kidogo cha kumridhisha mkubwa. Alipogeuka kuwatazama wasikilizaji, akaiona kofia.

Nazario hakuonyesha hasira. Alikuwa amekaza macho kwenye picha kama mtu anayesoma kwa shida, midomo ikimchezacheza. Kisha akainuka taratibu, akatoka nje na kitambaa chake. Hermelinda alisimama pale mpaka Arancibia akamwomba aendelee. Akaendelea. Akaeleza tiba: kwanza subiri kiangazi, kisha egemeza boriti za paa kwa nguzo, ndipo ubandue lipu kipande kwa kipande, ukiacha kila sehemu ikauke. Maneno hayo ndiyo Nazario hakuyasikia. Alikuwa kwenye korido, amesimama, ameikumbatia nyama yake.

Walipotoka, alimkumbatia mwanawe mbele ya kila mtu akamwita daktari. Hermelinda akajaribu kusema, "Baba, ile picha," lakini mzee alikuwa ameshafungua kitambaa.

"Kula kwanza, mama. Inapoa."

Naye akala. Mungu wangu, akala.

Baada ya hapo alikaa mjini wiki baada ya wiki, akisingizia masahihisho ya tasnifu. Masahihisho yalikuwapo, lakini kilichomzuia kurudi kilikuwa aibu, na alijua. Alipopiga simu, Nazario alisikika mchangamfu. Alisema kuna kikazi anafanya hapo nyumbani, akija atafurahi. Hermelinda hakuuliza ni kazi gani. Alishukuru tu kwamba hawazungumzii ukuta.

Kikazi chenyewe kilikuwa hiki: kila asubuhi, mvua ikipungua, Nazario alichukua sululu akabandua lipu, akianzia chini, pale picha ilipoonyesha ubovu. Fortunato alipita akamuuliza kama amerukwa na akili, kuivua nyumba nguo katikati ya mvua. Nazario akamjibu kwamba mwanawe ameona kosa, na haifai kosa likae nyumbani kwa daktari. Alitaka akute limeshaondoka, asipate haya. Fortunato akatikisa kichwa akaenda zake.

Ukuta ulianguka alasiri moja ya Januari, pamoja na msalaba na fahali wawili wa paani. Majirani walimfukua Nazario kwa mikono. Alikuwa ameshakata roho.

Siku ya tano baada ya kifo tunafua nguo za marehemu mtoni, na kazi hiyo Hermelinda hakumwachia mtu. Poncho aliifua mara nyingi, na kila alipoikamua chembe za simenti zilitoka kwenye nyuzi. Benita alimwambia yatosha. Hakutosheka, akaendelea kufua huku akilia kwa sauti, mpaka vidole vikachubuka.

Kiangazi kilipofika, majirani walifanya kama kawaida yetu, kila nyumba ikaleta mikono yake. Wakafyatua matofali ya udongo, wakakausha, wakauinua ukuta upya kwa siku chache, wakarudisha paa. Hermelinda alifanya kazi nao, miguu topeni. Siku ya kupandisha fahali wapya, Fortunato akaja na gari la kukodi lenye mifuko ya simenti. Walikuwa wamechangishana kijiji kizima.

"Nazario alitaka nyumba ya heshima," akasema, "na sisi hatutaizika heshima yake. Unaonaje, binti? Sema wewe uliyesoma."

Watu wakamtazama mdomoni kama siku ile nyingine. Benita akainamisha kichwa.

"Hapana, baba Fortunato," Hermelinda akasema. "Simenti ndiyo iliyouozesha ukuta. Huu utapigwa lipu ya udongo na majani, basi. Hata baba alikuwa ameshajua."

Fortunato akakunja uso. "Alijua? Nani alimwambia?"

"Nilikuwa nawaambia watu wengine," Hermelinda akasema, "yeye akasikia."

Fortunato akavua kofia, kisha akamwambia dereva asishushe mifuko. Benita akakunja mikono ya gauni akaenda kukoroga udongo.