Mume Wangu Akija Kama Mgeni

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mwanetu wa kwanza, mkewe ambaye ni mkamwana wangu, na binti yao, mjukuu wangu, naye sasa ni mke wa mtu. Majina yote ninayo kichwani, siyaandiki.

Kisa chenyewe kilianza watoto walipokwisha kuondoka nyumbani kwetu Ihumwa. Tukabaki wawili, tunakula ugali na mlenda kimya kimya, neno letu ni chumvi na mbuzi. Jioni moja mzee akarudi na baiskeli, akasimama langoni.

"Hodi. Mimi mpita njia, natoka Haneti. Naomba maji, binti."

Nikadhani ananitania, nikamjibu, "Subiri hapo hapo. Baba yangu mkali."

"Kwani wewe binti wa nani?"

Tukacheka mpaka ugali ukaungua. Basi ikawa mchezo wetu. Akija hivyo nafunga kitenge kizuri, namletea maji kwa magoti, namuuliza kwao wanafuga nini. Tukaanza kuongea tena.

Sasa mkamwana wangu akaja siku moja bila taarifa, akamsikia mzee ananiuliza mimi binti wa nani. Akaondoka bila kubisha hodi. Jumapili wakaja wote.

Mwanangu akasema, "Mama, baba anapoteza kumbukumbu. Atakaa kwangu mjini, karibu na hospitali. Wewe utakwenda kwa dada kule Kondoa, upumzike."

Kututenganisha, hivyo hivyo. Na mimi ningesema nini? Mambo ya mke na mume hayatajwi mbele ya mkamwana, kwetu ni aibu kubwa. Mwanangu akanionyesha kwa kidole, akamuuliza baba yake, "Baba, huyu ni nani?" Mzee akaangalia chini, amekasirika, hakujibu. Mkamwana akaanza kufuta machozi.

Lakini mjukuu ni mtani, haogopwi. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, njoo jikoni unisaidie kusonga."

Nikamweleza yote. Akacheka hadi akakalia kuni. "Bibi, kumbe mume wetu ana maneno hivyo?"

"Wewe nenda ukaseme. Mimi siwezi."

Akarudi sebuleni, mimi nimejificha nyuma ya mlango. "Baba, babu hajasahau kitu. Anatongoza."

"Anamtongoza nani?"

"Bibi. Wanacheza, yeye mgeni, bibi msichana."

Mkamwana akajifunika uso kwa khanga. Ndipo mzee akafungua mdomo: "Huyo uliyeniuliza ni nani, ni mke wangu. Nilimtolea ng'ombe. Kuna kosa?"

Mwanangu akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Jioni waliondoka, hawakumchukua mtu.

Ila mzee aliona haya. Siku nyingi akawa anaingia tu, anaegesha baiskeli, anakaa. Nikaona kimya kinarudi. Siku moja nikamsikia anakohoa langoni, hodi haitoki. Nikatoka mwenyewe na kitenge changu.

"Kaka, umepotea njia?"

Akanitazama kwanza. "Nimepotea, dada. Nielekeze."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mjukuu wangu anadai hakusema anatongoza, alitumia neno la adabu zaidi, na mzee anasema ng'ombe hakuwataja. Nyie mliokuwepo, mkiona nimekosea mahali, njooni mnirekebishe. Ila mkifika pigeni hodi kwa sauti.