Kilichomnenepesha Mbwa

Nyumbani kwetu Kanyenye, Tabora mjini, kila mdomo ulikuwa na mahali pake. Mume wangu alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, watoto wetu wawili walibanana upande wa ukutani, nami nilikaa karibu na jikoni kwa sababu ndimi ninayeinuka mara kumi kabla sijamaliza kula. Paka alikuwa chini ya meza, na alikwisha kujua miguu ya nani ina huruma. Mbwa alikuwa nje, kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na sufuria yake iliyokatika mkono. Alipewa makoko ya ugali na vichwa vya dagaa, na hakuwahi kulalamika. Tuliishi hivyo mpaka mama yangu alipokuja kutoka kijijini Puge.

Alikuja kwa sababu nilimfuata. Ndugu zangu walikuwa wakijadiliana kwenye simu, kila mmoja akieleza kwa nini kwake haiwezekani, nikachoka kusikiliza, nikapanda basi. Mama alikuwa na kisukari na aliishi peke yake tangu baba afariki. Vidonge vyake vilikuwa vya aina ambayo ukimeza bila kula vinakuangusha. Daktari alinieleza hilo akinitazama machoni: kwanza chakula, ndipo kidonge. Nikasema sawa. Mimi nikishika jambo, watu wa kwetu wanajua, afadhali wanipishe.

Mume wangu alifurahi kuliko hata mimi. Ni fundi wa friji na karakana yake iko mtaa wa pili, kwa hiyo mchana anakula nyumbani na jioni anakula nyumbani. Alilelewa na baba mwalimu, mtu wa misheni, ambaye kwake wote walikula meza moja, na asiyeonekana mezani ama anaumwa ama ameadhibiwa. Siku ya kwanza alimvutia mama kile kiti chake mwenyewe.

"Karibu, mama. Hapa ni kwako. Usinihesabu mkwe, mimi ni mwanao."

Mama akakaa ukingoni mwa kiti, akavuta kanga mpaka kwenye nyusi. "Ahsante, baba," akasema, akiiambia meza.

Kwetu Unyamwezini, kwa watu wa umri wake, mama hali mbele ya mkwe. Si chuki, wala si ushamba kama mnavyopenda kusema. Mwanamume aliyemwoa binti yako hapaswi kukuona unafungua mdomo, unatafuna, unalamba kidole. Kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyojitenga naye wakati wa kula. Bibi yangu alikuwa akisikia tu baiskeli ya baba inaingia, anainuka na bakuli lake anakwenda nyuma ya ghala. Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Lakini nilidhani yamebaki kijijini pamoja na ghala lenyewe, na kwamba mama akikaa mjini wiki chache atazoea.

Na alionekana kuzoea. Alikaa nasi mezani, akamega vitonge vidogo ambavyo sikuona vikifika mdomoni, kisha akasema humu ndani kuna joto, atamalizia nje. Mwezi wa kumi Tabora nani atabisha kuhusu joto? Alichukua sahani yake akatoka uani, na sahani ikarudi nyeupe, hata punje hamna. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba mama amepata hamu ya kula.

Ila kanga aliyokuwa akijifunga mara moja ikaanza kumzunguka mara mbili. Wakati huohuo mbwa akaanza kujaa. Akawa anatembea kwa shida, tumbo linayumba, na sufuria yake ya makoko haiangalii tena.

"Mama, mbwa ana mimba," binti yangu akasema.

"Ni dume huyo."

"Basi ameshiba sana."

Tukacheka. Siku chache baadaye mama alianguka karibu na pipa la maji, saa za asubuhi, muda mfupi tu baada ya kidonge. Nilimnywesha maji ya asali, nikamkimbiza zahanati kwa bajaji. Wakaniuliza kama anakula. "Anakula vizuri," nikajibu kwa sauti kubwa. "Sahani inarudi nyeupe."

Jumapili iliyofuata tulichinja kuku. Mume wangu alipakua mwenyewe, na firigisi, ambayo nyumba nyingi huku ni ya baba na haiulizwi, akaiweka kwenye sahani ya mama. Watoto walikodoa macho. Mama akashukuru, akakaa kidogo, akasema kuna joto.

Nilitoka nyuma yake kuchukua chumvi jikoni. Kizingitini nilimkuta mbwa ameshika firigisi kwa meno ya pembeni, anaitafuna amefumba jicho moja. Kuku ana firigisi moja tu. Sikuhitaji kuuliza imetoka wapi.

"Mama," nikamwambia kwa Kinyamwezi ili watoto wasielewe, "unakula saa ngapi?"

"Mumeo akishaenda kazini."

"Akishaenda kazini moto umezimwa. Unakula nini?"

Akanionyesha pindo la kanga. Alikuwa amefunga michembe mikavu, ile ya viazi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Alikuwa akiitafuna mmoja mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mumeo hana adabu? Adabu anayo, tena nyingi. Ananiita mama, ananipakulia." Akaangalia pembeni. "Nirudishe Puge, mwanangu. Kule ninakula."

"Kule ukianguka nani atakuokota?"

Nikamwambia basi nitamletea chakula chumbani. Alinitazama kama nimemtukana. Yeye si mwali, akasema, wala hakujifungua jana. Anayekula chakula kitandani watu wanakuja kumpa pole. Na hapo uani? Pale napo hapakuwa na amani. Bafu, choo na pikipiki ya mume wangu vyote viko nyuma, na njia ni hiyo moja inayopita mbele ya jiko. Kila tonge alilojaribu kumega alikuwa akisikiliza viatu vya mkwewe.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza, nikamkasirikia mume wangu kwa wema wake, nikamkasirikia mbwa ambaye hakuwa na kosa lolote. Paka ana mahali pake, mbwa ana mahali pake, mama yangu mzazi hana pa kuweka sahani! Nikaapa palepale, nikiwa na chumvi mkononi: harudi Puge, na atakula.

Mume wangu sikumficha. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia.

"Kwa hiyo mama ananiogopa?"

"Anakuheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kushinda na njaa?"

"Ndiyo hiyohiyo. Ulipomwambia asikuhesabu mkwe, ulikuwa kama umemvua kanga mbele za watu."

"Nilitaka ajisikie yuko kwake."

"Kwake ana mahali ambapo hakuna anayemwona akitafuna. Hapa hana. Basi nitamtengenezea."

Asubuhi yake nilikwenda sokoni, nikanunua mafungu ya matete na kamba za katani, yakaja juu ya baiskeli yakiburuzika barabara nzima. Nilichagua kona ya nyuma ya jiko inayotazama ukuta wa jirani, nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Ardhi yetu ikikauka jembe linadunda. Majirani walichungulia wakauliza kama tunafuga bata. Nikawaambia ndiyo, bata mkubwa kutoka Puge, na mama akasikia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Mchana mume wangu alirudi kula, akasimama akiniangalia ninavyohangaika. Alivua shati la kazi, akanyang'anya jembe mikononi mwangu, akachimba mashimo yote yaliyobaki. Kisha akaniuliza matete yafike urefu gani. Nikamwambia yampite yeye kichwa.

Ndani ya ua huo wa matete tuliweka kigoda, mkeka na jiko dogo la mkaa, ili chakula kisipoe. Nikatangaza sheria: yeyote anayekwenda nyuma apige hodi akiwa bado kwenye kona ya nyumba, na asubiri aitikiwe. Watoto waliipenda sheria hiyo kupita kiasi, wakawa wanakwenda chooni bila haja. Sufuria ya mbwa niliihamishia mlango wa mbele, na wakati wa chakula nikamfunga hukohuko. Alibweka na kulia mpaka jirani akauliza kama nampiga. Sikumfungua.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe mama alikuwa anakaa ndani ya ua, sahani mapajani, masikio yamesimama. Mume wangu akipiga hodi, anafunika sahani kwa ungo, anageukia ukuta, ndipo anaitika, "Pita, baba." Akishapita, mama hafunui tena. Nikafunua ungo mwenyewe nikakuta ugali umefanya ngozi.

Nikahamia uani. Nilimpakulia mume wangu na watoto mezani, nikawaambia leo kila mtu atajiinukia mwenyewe, nikaenda kukaa na mama mkekani. Nilipika nsansa, majani yake makavu ya kunde, kwa karanga nzito, sahani moja, na kidonge nikakiweka juu ya kifuniko cha chupa mahali anapokiona.

"Kula," akaniambia.

"Nakusubiri wewe."

"Sina njaa."

"Mimi ninayo, tena inaniuma. Lakini sitangulii. Tutakaa hapa mpaka kesho."

Alinijua. Mimi ni mtoto aliyewahi kukataa kushuka mtini siku nzima kwa sababu ya kiatu. Alinung'unika kitu kuhusu baba yangu na ukoo wake wa vichwa vigumu, akamega tonge, akalizungusha kwenye karanga, akala. Nami nikala. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa yake, na sikuacha hata siku niliyokuwa na homa.

Siku moja nilibaki ndani kwa makusudi, nikapakua mezani. Mume wangu alikuwa ametoka kazini, amejaa vumbi, akachukua ndoo yake kwenda kuoga kabla ya kula. Nilimsikia akisimama kwenye kona ya nyumba.

"Hodi."

Nikaacha mwiko hewani.

"Subiri kidogo, baba," sauti ya mama ikaja kutoka nyuma ya matete, nzito, mdomo umejaa. "Nakula."

Mume wangu alirudi sebuleni na ndoo yake kavu. Akaiweka chini taratibu, kama mtu aliyemwacha mtoto mchanga amelala.

"Anakula," akaninong'oneza.

Nikamwambia basi na yeye akae, nimpakulie.