Walipokuja Kunijulia Hali

Kosa langu lilikuwa kusema ni homa. Ningeandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ushirika wa wanawake kanisani kwamba nimesafiri, wangeniombea safari njema wakaniacha. Lakini Jumapili ile asubuhi, mbele ya kioo, shavu limevimba kama andazi, sikuwa na akili ya kuchagua uongo mzuri. Nilisahau kwamba katika kanisa letu mgonjwa haachwi peke yake hata akitaka.

Walifika baada ya ibada, wanawake wanne wenye vitambaa vyeupe vya kichwa, wamebeba thermos ya chai, machungwa na maziwa. Nilikuwa nimejitanda leso kichwani na usoni mpaka karibu na macho. Nikakohoa kidogo mlangoni, nikakohoa vibaya, kisha nikakaa pembeni ambako mwanga wa dirisha haukufika.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyeongoza maombi ya wagonjwa, na akiomba watu walilia. Miaka ya kwanza hata mimi nililia, kwa fahari. Nyumbani tulikuwa wawili tu, na mkono wake haukuhitaji sababu kubwa. Jumamosi, siku moja kabla, sababu ilikuwa chumvi. Aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba siku moja sitaamka, na nilimwamini.

Basi wakaniombea homa. Waliikemea baridi ya Eldoret, wakataja kifua changu na koo langu. Nilifungua jicho moja nikakuta mmoja wao hajafumba macho. Alikuwa mkubwa wao, mjane mwenye shamba kule Ainabkoi, mtu asiyependa maneno mengi. Leso ilikuwa imeteleza, naye alikuwa ananitazama shavu.

Maombi yalipokwisha akasema, "Hii homa yako iko na vidole."

Nikamwambia niliteleza bombani. Nikaeleza hata ni bomba lipi, na hakuna aliyeuliza. Mdogo wao, mwalimu wa nasari, akaanza kulia.

"Sister, tunajua," akasema. "Tumejua tangu mwaka jana. Tulikuwa tunakuombea. Tuliogopa kanisa itaaibika."

Nilipaswa kufarijika. Badala yake nilitamani sakafu inimeze. Jumapili zote zile nilipojipaka poda nikasimama kwenye kwaya kuimba, walikuwa wanajua. Nikawachukia kwa kujua, nikawachukia zaidi kwa kunyamaza, na nikatamani wabebe machungwa yao waondoke.

"Tumeomba ya kutosha," yule mjane akasema. "Leo unalala kwangu. Kesho tunaenda polisi, mimi na wewe. Pasta tutamwambia tukirudi."

"Mama, nguo ziko kwa kamba," nikamjibu. "Nani atazianua?"

Ndivyo nilivyosema. Mtu ameniahidi kuniua, na mimi nawaza shuka.

Hapo mlango ukafunguka. Mume wangu alikuwa ametoka kwenye kikao cha wazee, koti limenyooshwa vizuri, Biblia kwapani. Alipoona wageni uso ukamng'aa.

"Bwana asifiwe," akasema.

Kwetu salamu hiyo haikosi kuitikiwa. Hata una chakula mdomoni, hata umegombana na mtu, utaitikia. Wale wanne walikaa kimya. Akatabasamu, akairudia kwa sauti zaidi, akidhani hawakusikia. Mwalimu akafuta machozi akamkazia macho.

Nikaona tabasamu likimwisha. Akaihamisha Biblia kwapa hili hadi lile, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nami nikamwonea huruma. Ndiyo, mimi mwenye shavu lile. Sikuweza kuvumilia afedheheshwe mbele ya wanawake wa ushirika, nyumbani kwake, tena kwa sababu yangu. Nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyekosa.

"Amen," nikaitikia, peke yangu.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Yule mjane hakunigeukia. Aliendelea kumtazama mume wangu, na aliposema, alisema na mimi.

"Wewe hujaongeleshwa. Vaa viatu."

Wengine wakainuka wakasimama kati yangu na mume wangu. Nikapiga magoti kuvitafuta viatu chini ya kiti, na nilipovipata nikabaki pale chini kwa muda, kwa sababu sikujua nitawatazamaje.