Keki ya Modesta Isiyojua Maziwa

Kwa miaka thelathini Modesta aliugua vidonda vya tumbo, na aliviugua kwa heshima zote. Alikuwa na vidonge vyake kwenye pochi, na kanisani alijua kushika tumbo kiasi cha watu kumpisha kwenye benchi. Ndipo mwezi wa tatu daktari mmoja kijana akamharibia kila kitu. Alimwambia hana kidonda hata kimoja.

"Tumbo lako halipatani na maziwa, mama. Maziwa, mtindi, siagi, krimu, vyote uache. Halafu hizi kilo kumi na mbili zilizozidi, nazo tuziage taratibu."

Habari ya kilo aliipokea vizuri. Mwanamke wa Kiseke, Mwanza, mwenye mwili wake haogopi kuambiwa ana mwili. Habari ya maziwa ndiyo iliyomkata maini. Baba yake alifuga ng'ombe mia mbili kule Magu, na nyumbani kwao mtoto akitapika maziwa aliulizwa ameokotwa wapi. Modesta alitapika mara moja tu, akiwa na miaka sita, na kaka zake wakamwita "wa kuokotwa" mpaka siku anaolewa. Tangu hapo alijifunza kunywa, kutabasamu, na kutafuta choo kilipo.

Mumewe Shigela, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, aliisikiliza habari hiyo hadi mwisho.

"Daktari amekukataza maziwa, na sisi tunakaa Kanda ya Ziwa," alisema. "Nikakutafutie chumba Dodoma?"

Modesta hakucheka. Alimwapisha hapo hapo kwamba hatamwambia mtu, na hasa asimwambie dada yake, wifi Wilhelmina, ambaye siri kwake hukaa kama maji kwenye tenga. Shigela akaapa.

Siku tatu baadaye ikaja mahari ya binti yao Evelina. Evelina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkolani, na mchumba wake, Ogweno, fundi umeme, alitoka Shirati, kwa Wajaluo. Ng'ombe walikuwa wameshushwa jana yake kwa mdogo wake Shigela, Misungwi, na mama yake Ogweno, Agutu, alilala huko huko kusudi aamke alfajiri kumkamua ng'ombe mmoja aliyeletwa kwa ajili ya mama mzaa chema. Akaja na maziwa hayo Kiseke. Alijaza kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akainama.

"Mama Evelina, huyu ndiye ng'ombe wako. Nimemkamua kwa mikono yangu mwenyewe. Kunywa."

Sebuleni palikuwa na watu ishirini na wawili, na nyumba ina choo kimoja. Modesta alipiga hesabu haraka kuliko mumewe alivyowahi kupiga.

"Asante, mama," alisema. "Situmii."

Akakiweka kikombe mezani. Watu wote wakakitazama kile kikombe, kisha wakatazama miguu yao. Kufika jioni ilikuwa inajulikana mpaka Shirati kwamba mama wa binti amemkataa Ogweno. Na ubaya ni kwamba mwaka uliopita Modesta aliwahi kuuliza, kwa mdomo wake mwenyewe, kama vijana wa Mwanza wameisha. Ushahidi ukakamilika.

Evelina alikuwa na tabia ya kumpigia mama yake kila jioni na kumsimulia yote, mpaka rangi ya soksi za mwalimu mkuu. Sasa alipiga simu za dakika moja. "Shikamoo mama. Mmeshindaje? Haya, usiku mwema." Modesta alibaki ameshika simu sikioni kama mtu anayesubiri chenji.

Utasema, si amwambie tu mtoto ukweli? Wewe hujawahi kuitwa wa kuokotwa. Mara mbili alimpigia akiwa ameshajipanga kusema, na mara mbili akaishia kuuliza kama Mkolani mvua imenyesha.

Ilibaki njia moja. Mwezi wa nane ingefanyika sendofu, sherehe ya kumuaga binti, na katika sendofu binti huwalisha wazazi wake keki mbele ya ukumbi mzima. Modesta akifungua kinywa, wakwe wote wataona ameridhia. Asipofungua, basi hata padri hatawashawishi vinginevyo. Lakini keki ya ukumbini ni maziwa, siagi na krimu, na krimu juu ya krimu. Modesta akakata shauri. Keki ataioka mwenyewe, na maziwa haitayajua hata kwa jina.

Kuoka hakukumtisha. Kila ubatizo katika jumuiya yao ulikuwa na keki yake, aliyoipika kwenye sufuria ndani ya sufuria, mchanga katikati, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Aliijua imeiva kwa harufu tu. Shida ni kwamba mkono wake wote ulikuwa umelelewa na maziwa na siagi.

Keki ya kwanza aliikanda kwa maji. Shigela alipoikata, ilibidi asimame. Ya pili aliitia tui la nazi, ikatoka laini, yenye harufu ya Krismasi, na ndiyo iliyomponza. Kwani pamoja na hayo yote Modesta alikuwa kwenye diet. Asubuhi alikunywa uji wa ulezi usio na sukari, mchana alikula sato wa kuchoma na mchicha na ugali wa mtama usiozidi kiganja, na jioni alikunywa chai ya mchaichai akiwa na uso wa mfiwa. Kati ya milo hiyo alionja keki. "Kuonja si kula," alisema. Mizani haikuelewa tofauti hiyo. Mwonja asali haonji mara moja, na ile ya nazi aliionja mpaka ikabaki alama kwenye sahani.

Odeta, fundi aliyekuwa akimshonea gauni la sherehe, alimzungushia futi kiunoni, akaisoma, akaizungusha tena.

"Mama, tulisema tunapungua," aliuliza kwa upole, "au tumebadilisha?"

Modesta alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, kwa hasira.

Alioka keki saba kabla hajapata aliyoitaka. Alijitafutia njia zake mwenyewe. Karanga mbichi alizilowesha, akazitwanga, akazikamua kwa kitambaa hadi zikatoa maji meupe ambayo tumbo lake halikuyagombeza. Viazi lishe alivichemsha, akaviponda, akaviweka mahali pa nusu ya sukari. Pa siagi akamimina mafuta ya alizeti. Keki ilitoka na rangi ya udongo, imebonyea katikati, lakini ndani ilikuwa laini. Shigela, aliyekuwa amekula keki zote zilizotangulia kwa uvumilivu wa ndoa, alikula kipande kizima. Kisha akasogeza sahani apewe kingine.

"Imebonyea," Modesta alisema.

"Hata barabara yetu imebonyea, na kila siku tunapita."

Modesta aligeukia jikoni, akajifuta macho kwa kanga. Miezi mitano ya zile simu za dakika moja ilikuwa imemchosha kuliko alivyokubali.

Siku ya sherehe walifika ukumbini, katikati ya mji, Nyamagana, mapema kuliko wote. Modesta akampa keki yake mshereheshaji, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Obedi.

"Mwanangu, binti anilishe kutoka hii. Hii, sio ile nyingine. Umenisikia?"

"Ondoa shaka, mama yangu."

Obedi aliitazama keki iliyonunuliwa na kamati ya sherehe, nyeupe, ghorofa tatu, yenye maua. Akaitazama ile ya udongo iliyobonyea. Akawatazama wapiga picha. Kwa nia njema kabisa akaisukuma ya udongo chini ya meza, nyuma ya kitambaa, akidhani anamsitiri mama wa watu.

Basi wakati ulipofika, muziki ukapunguzwa, na Evelina akakata keki. Modesta alisimama mbele, gauni likimbana mahali Odeta alipokuwa amehofia, na kutoka hatua kumi akaona kipande kinachokuja. Kilikuwa cheupe. Krimu ilikuwa nene kama godoro.

Alitafuta keki yake mezani, hakuiona. Akatazama safu ya mbele. Agutu alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho hayapepesi. Upande wa wakwe wote ulikuwa umeacha kutafuna.

Evelina alifika. Alimnyooshea kipande kwenye uma.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "utakula?"

Halikuwa swali la keki, na Modesta alilijua. Alifungua kinywa, akakifungua sana, akala. Alitafuna mbele ya watu mia tatu, akameza, kisha akalamba krimu iliyobaki kwenye mdomo ili asije mtu akasema ameitema.

Nyuma yake kiti kilianguka. Shigela alikuwa amesimama, na sauti iliyowahi kufundisha madarasa ya watoto tisini haihitaji kipaza sauti.

"Mama Evelina, usimeze! Ina maziwa!"

Wapiga picha wakamgeuzia kamera.

"Daktari amemkataza!" Shigela aliendelea, kwa kuwa alikuwa ameshaanza. "Tumbo lake halipatani na maziwa! Tangu mwezi wa tatu!"

Wifi Wilhelmina aligeuka pamoja na kiti chake. Modesta alifumba macho. Siri ya miaka hamsini, kutoka Magu mpaka Kiseke, ilikuwa imetangazwa, na aliyekuwa amekula kiapo ndiye aliyeitangaza.

Agutu alisimama polepole. "Mwezi wa tatu tarehe ngapi?"

"Siku tatu kabla hamjaja," Shigela alijibu, sasa kwa sauti ya kawaida.

"Yawa!" Agutu alishika kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe, "Kumbe lilikuwa tumbo!"

Upande wa wakwe ukaanza kucheka, mmoja mmoja, kisha wote. Evelina hakucheka. Alikuwa bado ameshika uma mtupu.

"Mama, uliona kwamba ni krimu?"

"Nina macho, mwanangu."

"Na umekula."

"Nimekula."

Evelina akamwangukia shingoni, akalia kama alivyolia siku ya kwanza kupelekwa shule. Modesta alimkumbatia, akampigapiga mgongoni, naye machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akamnong'oneza sikioni.

"Nyamaza sasa, mama. Tumbo langu huwa linanipa dakika ishirini, na mbili zimeshapita. Mwambie huyo kijana apige muziki, nicheze na mama mkwe wako."

Agutu alikuwa ameshavua viatu.