Nilipakatwa na Mwalimu Mkuu, Baba Yangu Akimenya Ndizi

Kosa ni langu, simtafuti wa kumsukumia. Sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na cheti kipya cha ualimu na kichwa kilichovimba, basi!

Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akaishia Nyakatuntu kulima mashamba ya watu. Mama alipofariki alinilea peke yake. Alilima vibarua mpaka nikamaliza chuo, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikapangiwa kufundisha Ndama. Siku naondoka alinibebea sanduku mpaka barabarani, na kila tuliyekutana naye alimwambia, "Huyu ni mwalimu!"

Huko nikachumbiwa na mfanyabiashara wa Omurushaka, kijana wa Muleba. Baba yake ofisa, watu wa tai na viatu vinavyong'aa. Hapo ndipo nikaanza kumwonea baba yangu aibu. Akifungua mdomo tu, Kirundi kinatangulia! Nikawaambia wakwe kwamba wazazi wangu wote wamefariki, nimelelewa na mwalimu mkuu wangu. Mwalimu mkuu naye akakubali, tena kwa furaha.

Kwetu binti hatoki nyumbani bila kupakatwa na baba yake. Unakaa mapajani mwake mbele ya watu, anakubariki, ndipo unakabidhiwa kwa wakwe. Siku ukipata shida huko uendako, unarudi kwa aliyekupakata. Haya yote niliyajua.

Nilimfuata baba. "Tata, njoo kwenye sherehe, lakini ukae jikoni. Usiseme wewe ni nani."

"Na wa kukupakata?"

"Mwalimu mkuu."

"Kale," akasema. Sawa.

Alikuja Ndama, nyumbani kwa mwalimu mkuu. Wanawake wa jikoni wakamdhani kibarua wa kukodiwa, wakampa kisu na rundo la ndizi. Huku kwetu mwanamume kumenya ndizi mbele ya watu ni fedheha. Baba yangu alimenya! Mimi nikiwa mapajani mwa mtu mwingine, vigelegele vikipigwa, nilimwona kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa utomvu. Niligeuza uso nikamtabasamia mpiga picha.

Miaka ikapita sijakanyaga Nyakatuntu. Nilipopata mtoto roho ikaanza kuniuma, nikambeba nikaenda kuomba msamaha. Nilimkuta baba kibanjani, kwenye migomba yake. Kabla sijasema lolote alivua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Jamani! Baba yangu mzazi ananiamkia mimi! Nilianguka miguuni pake nikilia. Akaniinua, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akanipa kahawa ya kutafuna kama apewavyo mgeni yeyote. Akasema mtoto ni mzuri. Hakumgusa.

"Tata, nisamehe."

"Pole sana, mwalimu," alinijibu kwa upole. "Jikoni siku ile waliniambia ulifiwa na baba yako."

Kisha akanisindikiza mpaka njiani.

Habari za kifo chake nilizisikia sokoni Omurushaka. Hakuna aliyetumwa kuniita. Mume wangu alinisindikiza mazikoni, akiamini ni msiba wa mzazi wa mwanafunzi wangu, kama nilivyomwambia. Kijiji kizima kilinifahamu, lakini hakuna aliyeniita kwa jina langu.

Watoto wa marehemu walipoitwa kutia udongo, miguu yangu ilisimama yenyewe. Bibi mmoja aliyeniona nikikua akanishika mkono. "Keti, mwalimu. Wanaitwa watoto wa marehemu."

Aliyekwenda kaburini ni binti yatima wa jirani. Baba ndiye aliyempakata siku ya harusi yake.

Nilikaa! Mume wangu akaninong'oneza, "Mbona unalia hivyo? Ulimfahamu sana?"

Hapo ningeweza kusema. Bado udongo ulikuwa haujajaa. Nikajibu, "Kidogo tu."

Ninyi mnaotoka vyuoni na vyeti vyenu, mkaanza kuchagua nani wa kuonyeshwa kwa wageni na nani wa kufichwa jikoni, acheni! Msijidanganye kwamba mtarudi kurekebisha mkishatulia. Mimi nilirudi, nikakuta baba yangu ameshakubali kwamba hana mtoto.

Jina langu siliweki. Mume wangu husoma gazeti hili.