Tiara ya Mtu Asiyekuwepo

Chekeni sasa mmalize, maana kisa hiki kikifika katikati hamtakuwa na hamu hiyo, na mimi mwenyewe kila nikipita Shanzu huinamisha kichwa kana kwamba natafuta kitu miguuni.

Niko katika umri ambao daktari huanza kukusihi na mke huanza kukucheka. Kwa hivyo, badala ya kutembea asubuhi kama wenzangu wa Mkomani, niliamua kujifunza ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao huku tiara kubwa kama paa la banda ikikuvuta kutoka angani. Nilikuwa nimetazama video nyingi sana (hakuna hata moja iliyokuwa na mtu mwenye kitambi, na sikujiuliza kwa nini), na zote zilisema jambo moja: anayeanza asikimbilie kununua vyombo, na akishikwa na hamu anunue mkanda wa kiunoni tu, unaomfunga na tiara, mengine akodi. Nilielewa vizuri sana. Kisha nikaenda Kisauni kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo kamili vya mtumba, nikanunua vyote.

Mtu huyo aliitwa Omari, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Vaa kwanza, ndugu yangu," aliniambia. "Usinunue kwa macho."

Nikavaa mkanda. Ulifunga pale pale ulipokuwa umefungwa na mwenyewe wa kwanza, sikulegeza wala sikukaza. Fulana ya kuelea ikanishika mabega kama iliyonizoea. Kofia ngumu, hivyo hivyo. Hata viatu vya mpira, mimi ambaye wauza viatu hunikimbia kwa upana wa nyayo zangu.

"Wallahi wakukaa kama ulishonewa," alisema Omari, lakini alikuwa akiniangalia kupitia kioo cha kabati, si mimi mwenyewe, na mara akaufungua mlango wa kabati ili kioo kisinione tena.

"Na mwenyewe je?" nikauliza.

"Mwenyewe hayuko."

Ningeuliza hayuko wapi, nisingekuwa na kisa. Lakini niliogopa asije akabadili nia, nikalipa, nikajibebea.

Kesho yake alasiri nikashuka ufuo wa Shanzu nimevaa kila kitu, kofia mpaka masikioni na miwani myeusi juu yake. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Nilipotokea kwenye njia ya ufuoni, wauzaji walioanika biashara zao pale walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa nyumba hadi nyumba. Muuza madafu alisema, "Bismillahi," akarudi nyuma. Muuza vinyago alinyanyua mkono, akauliza taratibu, "Athumani?"

Nikadhani ni salamu ya wachezaji wa tiara. Nikamwinulia dole gumba. Yule mtu alikaa chini mchangani, puu.

(Mimi nilifikiri wananihusudu. Msomi akijipenda, hata kimya hukisikia kuwa ni makofi.)

Nilimwomba mmoja anishikie tiara niirushe. Akatikisa kichwa, macho yake hayabanduki kwenye fulana yangu. Nikairusha peke yangu.

Ikapanda. Nyekundu, kubwa, bila kelele. Nikaivutia upande wa bahari, nayo ikaenda upande wa nchi kavu, pole pole, mpaka ikasimama juu ya kibanda kimoja cha leso, ikatulia hapo ikitikisika kidogo kama mtu anayepumua. Baadaye nimeelezwa kwamba kamba zisipolingana urefu, tiara huegemea upande mmoja. Nakubali. Ila wakati ule mikono yangu ilikuwa imeuachilia mwamba wa kuiongozea, nayo tiara haikuondoka.

Ndipo mwanamke akatoka kibandani, akatazama juu, akapiga ukelele.

"Yuwaja! Mama, Athumani yuwaja! Sikuwaambia?"

Akanikimbilia mikono wazi, na papo hapo upepo ukanikwapua, nikaburutwa kifudifudi, nikapita katikati ya leso zake zote, nikasimama tiara iliponasa kwenye mti wa mvinje, nami niko miguuni pake, nimezongwa leso kuanzia kichwani, mdomo umejaa mchanga.

Hakuna aliyecheka. Ningetoa chochote wacheke.

Alipiga magoti. Akanifuta mchanga usoni kwa pembe ya leso, polepole, paji, pua, mashavu, kama anayeosha maiti. Kisha akanivua miwani na kofia, akauona upara wangu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mhadhiri," nilisema (Mungu anisamehe, ndilo lililonijia).

Mama yake akamshika bega. "Riziki, mwanangu, inuka. Si yeye."

Wauzaji ndio walionieleza. Mumewe Athumani alikuwa akiwafundisha wageni mchezo huu. Siku moja bahari ikarudisha vyombo, yeye haikumrudisha. Jamaa walimtaka Riziki akae eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, akakataa, akisema mtu asiyeoshwa wala kuzikwa amechelewa tu. Na kadhi alikuwa hajatamka kwamba amekufa, na mali ya aliyepotea hairithiwi wala haiuzwi kabla ya hapo.

"Vitu hivi umepewa na nani?" Riziki aliniuliza.

"Nimenunua kwa Omari. Kisauni."

"Omari ni shemeji yangu," alisema. "Watu wote waliposema amekufa, yeye ndiye pekee aliyeniambia nisikae eda, ndugu yake yu hai, akavichukua vyombo amtunzie."

Nikaanza kumwomba radhi.

"Usiombe," akasema. "Hukufanya kitu. Umeniletea habari. Mtu hauzi vyombo vya ndugu anayemngojea."

Akaufungua mkanda kiunoni mwangu kwa vidole viwili, bila kutazama, kama alivyozoea. Akaukunja, akaupakata. "Mama, twende nyumbani. Nitakaa eda."

Niliwaachia vyote, nikaondoka peku, nimeloa. Nimeapa sitarudia, na wenzangu wakinitania eti mchezo ule ukoje, huwajibu kwamba nilirusha tiara mara moja tu, na ilipotua, mwanamke mmoja akawa mjane.