Kingo Alizozisaga Dada

Pale karakana walimwita Bwana Mwendo, na jina hilo alilivaa kama koti la sikukuu. Alikuwa ndiye mwendeshaji wa mashine ya kukatia chuma kwa moto wa plazma, ile inayoongozwa na kompyuta. Unalaza bamba la chuma mezani, unabonyeza, tochi, yaani kichwa kinachotema ule moto, inatembea yenyewe juu yake ikifuata mchoro, na cheche zinamwagika chini kama maji. Kwenye ubao wa mlangoni iliandikwa kila siku idadi ya mabamba aliyokata. Alikuwa na kawaida ya kupita hapo akienda kunywa chai, hata kama njia ya chai ilikuwa upande mwingine.

Hatua kumi kutoka kwenye mashine ilikuwa meza ya kusagia, na mezani hapo alisimama dada yake, tumbo moja, aliyemzidi miaka tisa. Yeye walimwita Mama Cheche. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vilivyokatwa na kuviondolea ndevu. Ndevu ni chuma kinachoyeyuka wakati wa kukata, kikashuka na kuganda chini ya ukingo. Zipo ndevu za kuanguka kwa kugongwa kidogo tu, na zipo ndevu zinazoshika kana kwamba zimezaliwa na bamba. Za Bwana Mwendo zilikuwa za aina hii ya pili. Mama Cheche alizisaga kwa grenda kuanzia asubuhi mpaka jioni, mikono ikitetemeka pamoja na mashine.

"Mimi ni kinyozi," alikuwa akisema. "Tofauti ni kwamba wateja wangu hawasemi asante."

Mtu asiyewajua angedhani kaka ndiye mkubwa kazini. Ukweli ni kwamba mama yao alipofariki, dada aliacha shule akajifunza kuchomelea mageti na madirisha, na kwa mageti hayo mdogo wake akasoma mpaka akamaliza. Hata kazi ya karakana, dada ndiye aliyemwombea. Na mashine ya plazma ilipoletwa, bosi alimwita dada kwanza, akamwambia kuna mafunzo ya wiki mbili, aende. Dada akajibu, "Mpeleke mdogo wangu. Yeye ndiye msomi wetu."

Akaenda, akarudi na cheti, akakibandika ukutani. Na akaupandisha mwendo wa tochi. Mwalimu wa mafunzo alikuwa amewapa mwendo wa kila unene wa bamba, lakini yeye aligundua kwamba ukizidisha, tochi bado inakata, na ubao wa mlangoni unapendeza. Nozeli nayo, ile ncha ya tochi inakotokea moto, hakuibadilisha mpaka tundu lake dogo liwe pana na la upande.

Mwaka wa kwanza haujaisha, Mama Cheche alimfuata na kipande mkononi.

"Mdogo wangu, tochi yako inakimbia mno. Hebu tazama hii mistari."

Kwenye uso wa mkato kulikuwa na mistari myembamba, yote imelala nyuma kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Mistari ikilala hivi, ujue moto unaachwa nyuma na tochi," dada alisema. "Chini haumalizi kazi, ndiyo maana ndevu zinanishinda. Punguza kidogo tu. Na ishushe tochi, iko juu sana."

Wenzao walikuwa wanasikiliza. Bwana Mwendo akaona haya, na haya yake ikatoka kama dharau.

"Dada, hii ni kompyuta, siyo jembe. Wewe endelea na unyozi wako."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, kicheko cha midomo tu, akarudi mezani kwake. Alimwambia tena mwaka uliofuata, na mwingine, faraghani sasa ili asimwaibishe. Kila mara alijibiwa kwa mzaha. Mwishowe akanyamaza.

Vidole vilianza kufa ganzi taratibu. Asubuhi zenye baridi vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kiungo cha kati, na ilimbidi avikumbatie kwapani kabla ya kuwasha grenda. Kikombe kilimponyoka mara ya kwanza, watu wakasema ni bahati mbaya. Kilipomponyoka mara ya tatu alianza kunywea kikombe cha bati. Mdogo wake aliyaona hayo yote. Alimnunulia glavu nene, akajihesabia kuwa amefanya wajibu.

Mwaka wa saba daktari alisema wazi kwamba mtetemo umeharibu mishipa na neva za vidole, na kwamba kilichokwisha kuharibika hakirudi. Kushika grenda tena ni marufuku. Mama Cheche akakabidhi miwani yake na aproni, akawaaga wenzake mmoja mmoja, akaenda zake nyumbani.

Bosi hakuwa na mtu wa kuweka pale mezani.

"Kwa sasa kila mtu asafishe alichokata," akasema, akimtazama Bwana Mwendo.

Siku ya kwanza alisaga kwa kiburi. Ya pili alisaga kwa hasira. Siku ya tatu, mchana, alizima grenda, mikono ikaendelea kutetemeka peke yake kana kwamba si yake. Akajaribu kufunga kamba ya kiatu, ikamshinda. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaitazama ile mikono. Siku tatu, akawaza. Mwenzangu miaka saba.

Akainuka akaenda kwenye mashine. Akafunga nozeli mpya. Akamwaga maji yaliyojaa kwenye kichujio cha mpira unaopeleka hewa kwenye tochi, maji ambayo hakuwa akiyajali. Akaishusha tochi mpaka ikawa milimita tatu juu ya bamba. Kisha akachukua bamba la milimita kumi na kukata vipande vyembamba, kimoja kimoja, bila kubadilisha kitu kingine ila mwendo. Cha kwanza alikikata kwa mwendo wake wa kila siku, na kila kilichofuata aliupunguza hatua moja, akiandika namba kwa chaki juu yake.

Cha kwanza kilitoka na ndevu zilezile. Cha pili na cha tatu pia. Cha nne zilipungua. Cha tano alipokigonga ukingoni mwa meza, kijistari chembamba cha chuma kilidondoka sakafuni, na ukingo ukabaki safi. Akaugeuza kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imesimama, karibu wima kabisa. Hakukuwa na cha kusaga.

Akapima muda. Tofauti kati ya mwendo wake na huu ilikuwa sekunde chache kwa kila kipande. Kusaga kipande kimoja kulimchukua dada dakika nzima, pengine mbili. Kumbe hata ile haraka haikuwa haraka. Kazi ilikuwa inasukumwa tu kutoka meza yake kwenda meza ya dada.

Jumamosi alikibeba kile kipande cha tano ndani ya gazeti, akaenda kwa dada yake. Akamkuta sebuleni, redio inaongea, amekaa karibu na dirisha lenye jua. Akampa.

Mama Cheche akapitisha kidole gumba ukingoni, mara mbili.

"Sisikii kitu," akasema. "Hiki kidole ni kama cha mtu mwingine."

Kisha akakiinua kile chuma, akakiweka kwenye shavu lake, akakivuta polepole kuelekea sikioni. Macho alikuwa ameyafumba.

"Laini," akasema. "Umepunguza mwendo."

"Nimepunguza."

"Na tochi umeishusha."

"Nimeishusha, Dada. Ulinambia."

"Nilikwambia."

Mdogo wake alingoja dada aseme neno jingine, kwamba si kitu, kwamba yamepita. Redio iliendelea kuongea. Hatimaye Bwana Mwendo mwenyewe akasema, "Nisamehe."

"Nitakusamehe," dada alijibu. "Lakini leo usinidai. Nilisimama pale hatua kumi kutoka kwako, mdogo wangu. Hatua kumi."

Jumatatu Bwana Mwendo alirudia jaribio kwa kila unene wa bamba, akaziandika namba zote kwenye karatasi, akaibandika kwenye mashine mahali ambapo yeyote angeisoma. Bosi alipouliza amezipataje, alimwambia shauri lilikuwa la dada yake, na akaeleza mbele ya wenzake tangu lini alikuwa akilipuuza. Hakuna aliyecheka. Bosi akatuma ujumbe kumwita Mama Cheche arudi awe mkaguzi wa mikato, kazi ya kuangalia kwa macho tu. Dada akashukuru, akakataa. Alisema mlio wa grenda haujamtoka masikioni bado.

Siku hizi mdogo wake huenda kwake asubuhi za baridi, kabla ya kazi, kumfunga vifungo vya sweta. Dada hutazama pembeni wakati anafungwa, naye hufunga taratibu, kimoja baada ya kingine, bila kumharakisha.